Nina kilo 106 na miaka 61: je, mota itaniinua juu ya maji?

Assalamu aleikum Nahodha,

Ni msomaji wako wa Galu, kusini mwa Diani. Nilifanya kazi hotelini upande wa michezo ya baharini mpaka nikastaafu, kwa hiyo maji si mageni kwangu. Umri wangu ni miaka 61. Uzito ni kilo 106, na hiyo ni mizani ya zahanati, si ya kukisia. Goti la kushoto lilipasuliwa zamani. Linakunja, lakini halipendi kuharakishwa. Natumia vidonge vya presha.

Kaiti, ule mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya maji, niliiacha kwa ajili ya goti. Siku hizi napanda foili, ule ubao wenye bawa chini ya maji, kwa lile tanga dogo la kushika mkononi, na ubao wangu ni wa lita 140. Kusi ikikaza nainuka vizuri na naenda mpaka nachoka mwenyewe. Shida ni siku za upepo mwepesi, na ile miezi ya katikati ambapo kusi imeondoka na kaskazi haijaingia. Mawimbi yapo pale mlangoni kwenye mwamba, nayaona kwa macho yangu, ila siwezi kuyashika. Kulala kifudifudi nikapiga maji kwa mikono, halafu niruke nisimame? Goti limeshanijibu.

Sasa nimeona wageni wawili wakitumia mota ndogo iliyofungwa kwenye mlingoti wa foili. Inawatoa kwenye maji, wakishashika wimbi wanaizima. Nikasema hii ndiyo dawa yangu. Lakini kila niliyemuuliza ana lake. Mwalimu mmoja kijana hapa ufukweni ananiambia, "Mzee, mota itakubeba, chukua ubao wa lita 90 na bawa la sentimita za mraba 1,100 kama langu." Jirani yangu anahamia kwao Ulaya na anauza foili ya umeme kamili, ile ambayo mota yake iko chini kabisa karibu na bawa, imetumika kama miaka minne. Na mpwa wangu aliyeko Perth, Australia, anakuja likizo ya Disemba, anasema nimwagize chochote, hata betri ataitia kwenye sanduku la nguo.

Nichukue kipi? Au niwasikilize wanaosema umri umepita? Mama watoto anasema natafuta kuvunja goti la pili.

Mzee wa Galu


Wa aleikum salaam kaka yangu,

Nianze na mpwa wako, maana hilo likikosewa ataachwa uwanja wa ndege. Betri isitiwe kwenye sanduku la nguo. Kanuni za usafiri wa anga zinasema betri ya lithiamu isiyozidi wati-saa 100 (kipimo cha umeme unaohifadhiwa) abiria anaweza kusafiri nayo. Ya kati ya 100 na 160 ni mpaka shirika la ndege likubali kwanza. Ikivuka 160, haipandi ndege ya abiria kama mzigo wako, iwe mkononi au chini. Betri ya foili ya umeme kamili huwa na karibu wati-saa 2,000. Za mota ya kusaidia ni ndogo zaidi, lakini nyingi bado zinavuka huo mpaka kwa mbali.

Betri iliyo peke yake husafirishwa kama mzigo wa hatari, nambari yake ni UN3480. Inaenda kwa meli au kwa ndege ya mizigo, na kwa ndege isiwe imechajiwa zaidi ya asilimia 30. Kwa hiyo muuzaji aitume yeye mwenyewe kupitia wakala anayejua makaratasi ya mizigo ya aina hiyo, na ianze safari mapema. Mpwa aje na mota, mlingoti na mabawa. Hivyo ni chuma na kaboni tu, hakuna atakayemzuia, ila aulize mapema gharama ya mzigo mrefu.

Tuje sasa kwa yule mwalimu kijana. Sina ugomvi naye, lakini amekupa vipimo vya mwili wake.

Kwa wasomaji ambao hawajaiona: foili ni bawa linalokaa chini ya maji, limeshikwa na mlingoti uliofungwa chini ya ubao. Ukifika kasi fulani bawa linasukumwa juu na maji, ubao unaachana na bahari, na mtu anapita juu kimya kabisa. Kinachombeba hapo ni bawa. Mota kazi yake ni kukufikisha kwenye ile kasi, basi. Na nguvu ya bawa kuinua inategemea mambo mawili ambayo wewe unaweza kuyachagua, yaani ukubwa wa bawa na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kuinua inaongezeka mara nne.

Tupige hesabu. Wewe, ubao, foili, mota, betri na nguo zilizolowa ni kama kilo 125. Kijana wa kilo 70 na vifaa vyake hafiki 90. Kwa bawa lile lile, wewe unahitaji kasi zaidi ya yake kwa karibu moja ya tano ndipo uinuke. Ukiisikia hivyo unaona si kitu. Lakini kumbuka kasi hiyo unaitafuta wakati ubao bado umelala majini na unakokota maji mengi. Hapo ndipo betri inapoliwa na mota inapopata moto. Mwenzako anabonyeza sekunde chache anaondoka. Wewe unabonyeza mpaka mwisho, mota inanguruma, ubao umeinua pua, na bado hujatoka. Ukirudia hivyo mara kadhaa mota inajipunguza nguvu yenyewe ili isiungue, nawe unasema umeuziwa kitu kibovu.

Ukichukua bawa la sentimita za mraba 1,900 badala ya 1,100, kasi unayohitaji ili kuinuka inashuka kwa karibu robo. Jahazi lenye shehena halitwekwi tanga la ngalawa. Kwa hiyo tafuta bawa la mbele la kati ya 1,800 na 2,100, lenye unene wa kutosha, na lisiwe lile refu jembamba mno kama la ndege ya kuelea bila injini. Yale membamba yanateleza mbali sana na wataalamu wanayapenda, lakini yanataka kasi, na ukipungukiwa na kasi yanakuangusha bila onyo. Bawa pana la kati linakuonya kwanza. Unalisikia miguuni kwamba linachoka, unapata nafasi ya kubonyeza mota au kukaa chini taratibu. Baadaye, ukishazoea, ongeza la 1,500 kwa siku za mawimbi makubwa. Hilo la 1,100 mwachie mwenyewe.

Watu wazito wengi hukosea pia kwenye mlingoti, na dukani hawaambiwi. Macho yote yanakuwa kwenye bawa na ubao. Bawa kubwa likibeba kilo 125 linataka kupinda na kusokota mlingoti kila ukigeuka. Mlingoti laini unajisokota kwanza ndipo unatii, kwa hiyo unageuza mguu, hakuna kitu, halafu ghafla umegeuka kupita ulivyotaka. Mtu mwepesi hajui habari hiyo. Wewe utadhani ni mwili wako unaotetereka kwa uzee, kumbe ni chuma. Fedha ikiwa haitoshi kununua vyote vizuri, punguza kwenye ubao, nunua wa mtumba, lakini mlingoti uwe wa kaboni ngumu. Wa alumini mnene nao ni mgumu kiasi na bei yake ni nafuu, ila unakokota maji zaidi. Ule wa kaboni ya bei rahisi ndio wa kuukimbia. Urefu wa sentimita 75 hadi 80 unakutosha. Mfupi zaidi, bawa litatoka nje kwenye mawimbi. Mrefu zaidi, utagonga mwamba.

Na hapa kuna mtego. Mota za kusaidia, kama zile za kampuni ya Foil Drive ya Australia, hushikana na mlingoti kwa kibanio kilichochongwa kufuata umbo la mlingoti wenyewe. Milingoti haifanani. Kibanio cha mlingoti wa kampuni moja hakiingii kwenye wa nyingine, au kinaingia kikiwa na nafasi, na ikitikisika hivyo kwa siku chache kaboni inaanza kulika. Kabla mpwa wako hajalipa hata senti, chagua mlingoti kwanza, andika kampuni na jina la toleo, kisha aulize kibanio chake kipo. Kama utabaki na mlingoti ulio nao sasa, piga picha upande wake na upime upana na unene kwa rula. Uliza pia kuhusu uzito. Kampuni nyingi zina daraja zaidi ya moja la nguvu, na kwa kilo zako usichukue la chini kwa sababu ni jembamba na linapendeza.

Ubao: lita 90 chini ya mtu wa kilo 106 unazama. Wapo wanaoupanda hivyo, wanapiga magoti maji yakiwa kiunoni na mota inawavuta kutoka huko chini. Wana magoti mazima. Wewe shuka kidogo tu kutoka 140 yako, mahali kama 120 hadi 130, urefu futi 6 na nusu hivi na upana wa inchi 25. Ubao mrefu kidogo na mwembamba kidogo unakata maji na kuachia mapema kuliko ule mfupi mpana, na betri itakushukuru. Usiufanye mwembamba zaidi ya hapo. Muda mwingi utakuwa umepiga magoti ukisubiri wimbi, na goti lako linahitaji mahali pa kutua. Bandika sponji nene ya ziada pale goti la kushoto linapokaa. Ni kitu cha bei ndogo na hakuna duka litakalokuuzia kama kifaa cha foili.

Sasa mota ipi, ya kusaidia au foili ya umeme kamili ya jirani? Tofauti kubwa ni mahali propela ilipo. Kwenye foili ya umeme kamili propela iko chini karibu na bawa, iko majini muda wote, na unaendeshwa muda wote. Ukiizima inakokota. Ya kusaidia hufungwa juu, karibu na ubao. Ukishainuka propela inatoka nje ya maji, na unabaki wewe, bawa na wimbi. Wapanda mawimbi wa Hawaii kina Laird Hamilton, miaka ya mwanzo ya 2000, walikuwa wanavutwa na jetski mpaka kwenye mawimbi makubwa ndipo foili iwabebe. Kazi ya ile jetski ndiyo mota hii inakufanyia. Ulichoniandikia ni hamu ya mawimbi ya mlangoni, si ya kuzunguka ndani ya rasi kwenye maji tulivu. Kwa hamu hiyo, ya kusaidia ndiyo yako.

Kuna jambo moja ambalo foili ya jirani inaishinda: kujifunza. Mota iko chini, nguvu yake ni tulivu, na mtu mzito anainuka kwa kupiga magoti, kisha mguu mmoja, kisha wa pili, bila haraka. Kama jirani ni mwema, mwombe akupe nafasi kidogo kabla hajaondoka, hata kwa kulipia. Mwili wako utajifunza rimoti, kile cha mkononi cha kuendeshea mota, na utajifunza kutoogopa. Lakini kuinunua? Mpya, ya kampuni inayojulikana, mara nyingi inavuka dola 10,000, na sehemu kubwa ya fedha hiyo ni betri. Ya miaka minne kwenye chumvi na joto letu, betri hiyo imeshazeeka hata kama haikutumika sana. Halafu ni kilo 25 hadi 35. Maji yakipwa Galu unajua umbali wa kwenda mpaka kina kinapoanza. Utaibeba na nani?

Ukishawishika kuiangalia, nenda mchana, uiangalie kwenye jua. Fungua kifuniko cha betri. Unuse kwanza, harufu ya chumvi iliyochacha au ya plastiki iliyoungua inatosha kukurudisha nyumbani. Kisha tazama pini za kuunganishia. Zinatakiwa kung'aa. Ukiona rangi ya kijani au unga mweupe kwenye mizizi yake, maji yameshaingia, hata kama mwenyewe anaapa. Pitisha ukucha kuzunguka ile pete ya mpira inayozuia maji. Iwe laini na imepakwa grisi. Chembe moja ya mchanga chini ya pete hiyo inatosha kuingiza bahari yote ndani. Jaribu kufungua skrubu za bawa. Skrubu ya chuma cha pua iliyoachwa ndani ya alumini kwa miezi kwenye chumvi inashikana mpaka uikate, na hiyo ni dalili ya jinsi vitu vingine vilivyotunzwa. Mwisho, jirani afungue programu kwenye simu yake akuonyeshe betri imechajiwa mara ngapi, na akuhamishie umiliki hapo hapo mbele yako.

Kwenye chako kipya, fanya yale ambayo huenda jirani hakufanya. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila ukitoka, skrubu zifunguliwe na zipakwe grisi ya kuzuia kutu, betri isichajiwe ikiwa bado ya moto. Kama utakaa wiki kadhaa bila kuingia majini, iache ikiwa nusu, isijae. Na usiichaji chumbani unakolala.

Bahari ya kwako unaijua kunizidi, nitasema machache. Foili inataka kina. Mlingoti wa sentimita 80 na bawa lake, ongeza nafasi ya kuanguka, chini ya mita moja na nusu usiwashe. Siku za bamvua, maji yakijaa alasiri kama saa kumi, kina unacho, lakini mkondo wa mlangoni unapoanza kutoka unaupata wote, na mota ndogo yenye betri ya nusu haishindani nao. Kwa miezi ya kwanza ningekaa na maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, mkondo umelala, na mwamba hautokezi ghafla. Kila mara anza upande ambao mkondo utakurudisha nyumbani betri ikiisha. Wavuvi wenye malema na nyavu wapewe nafasi pana. Kamba ikiingia kwenye propela umeharibu siku yao na yako. Ukipeleka kifaa Watamu au Kisite, uliza ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori, kabla ya kuwasha mota ndani ya hifadhi.

Helmeti, na vesti nene ya kukinga mbavu, hizo hazina mjadala. Propela iwe na kinga yake ya duara. Kamba ya ubao ifungwe kiunoni, ile iliyojikunja kama ya simu ya zamani, isiburuzwe majini karibu na propela. Ukianguka, kitu cha kwanza ni kuachia kitufe cha rimoti, cha pili ni kuruka mbali na ubao. Usijaribu kuuokoa. Mtu mzito anaanguka kwa nguvu, na kingo za bawa la kaboni zinakata.

Ndiyo maana nataka umwone daktari kabla ya Disemba, na umuulize mambo mawili kwa uwazi. La kwanza, kama kati ya vidonge vyako kuna cha kufanya damu iwe nyepesi, kwa sababu jeraha dogo la foili kwa mtu wa dawa hiyo si dogo tena. La pili, kama dawa ya presha inakupa kizunguzungu ukisimama ghafla, kwa sababu kusimama ndiyo shughuli yenyewe. Goti nalo, kwa mota, lina nafuu kuliko unavyodhani. Hutaruka. Unabaki umepiga magoti mpaka ubao utulie kwenye kasi yake, au hata umeinuka kabisa juu ya maji ukiwa magotini, kisha unaleta mguu mzima kwanza, ule wa kulia. Vifungo vya kushikia miguu kwenye ubao uviache dukani. Utataka uhuru wa kusogea. Ukiachia gesi, iachie kidogo kidogo, maana pua ya ubao hubadilika ghafla nguvu ikikatika, na bawa kubwa huongeza hilo.

Kuhusu umri uliopita, sijui waliokuambia wanapanda nini wao. Mwonyeshe shemeji helmeti na vesti kabla ya kumwonyesha bei.

Nikipanga kwa haraka ya Disemba: wiki hii mwandikie mpwa kuhusu betri na wakala, kisha mlingoti na kibanio. Bawa la 1,900 likipatikana pamoja na mlingoti, vichukuliwe vya kampuni moja. Ubao usimwagize kabisa. Wageni wa kaiti huacha mbao nzuri Diani kila mwisho wa msimu, na lita 125 hazigombaniwi, vijana wote wanataka 90.

Nahodha